Mamba na papa: nani mwenye nguvu, na nguvu gani?

Kila baada ya miezi michache hurudi kwenye makundi ya WhatsApp video ya aina ile ile. Mamba na papa wanakabana kwenye maji ya tope, msimulizi anapayuka, na chini yake watu wanabishana. Mmoja anasema taya za mamba zinavunja chuma. Mwingine anasema papa mweupe anammeza mamba mzimamzima. Wa tatu anaapa kwamba babu yake aliwashuhudia wakipigana kule Rufiji. Nyingi ya video hizo zimetengenezwa kwa kompyuta, na siku hizi kuzitengeneza ni kazi ya dakika chache. Lakini swali lenyewe si la kipuuzi. Sehemu kubwa ya majibu yake imeshapimwa, tena na watu waliosogea karibu sana na mdomo wa mamba ili kuyapata.

Kinachovuruga ubishi ni neno nguvu. Mtu mmoja akilitamka anawaza taya, mwenzake anawaza uzito, wa tatu anawaza nani atamuua mwenzake. Hayo ni mambo tofauti, na kila moja lina jibu lake. Tena ubishi huu una madhara: unatufanya tumwogope mnyama ambaye wengi wetu hatutakutana naye maishani, na kumzoea yule anayetusubiri pale tunapochota maji.

Mamba yupi, papa yupi?

Mamba tunayemjua Afrika Mashariki ni mamba wa Nile. Ndiye yuko Rufiji, Ruaha, Mara na Tana, na kwenye maziwa ya Victoria, Turkana na Tanganyika. Dume aliyekomaa hufika mita 4 hadi 5, na wachache huzidi hapo. Yuko ndugu yake mkubwa zaidi, mamba wa maji chumvi, ambaye Afrika hayupo kabisa. Anaishi kuanzia mashariki mwa India, kupitia Asia ya Kusini-Mashariki, hadi kaskazini mwa Australia. Huyu ndiye mtambaazi mkubwa kuliko wote walio hai leo. Mwaka 2011 huko Bunawan, nchini Ufilipino, alinaswa mmoja aliyepewa jina la Lolong. Alipimwa akiwa hai, akakutwa na urefu wa mita 6.17 na uzito wa kilo 1,075. Alikufa kizuizini mwaka 2013. Ukisikia mtu anataja mamba wa mita 8 au 9, jua kwamba hizo ni hadithi; kwenye kamba ya kupimia hakuna aliyefika huko.

Hata Gustave, mamba wa Burundi aliyevuma dunia nzima kutoka mto Rusizi na fukwe za kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, hakuwahi kupimwa. Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia kwa miaka na kujaribu kumnasa kwa mtego mkubwa wa chuma, asifanikiwe. Urefu wake ulikisiwa kwa macho. Mamia ya watu anaodaiwa kuwaua ni hesabu ya masimulizi, na kuna kila sababu ya kuamini kwamba mauaji ya mamba wengine aliandikiwa yeye.

Upande wa papa, mkanganyiko ni mkubwa zaidi, kwa sababu aina za papa duniani zinazidi 500 na wengi wao ni wadogo. Papa tunayemkuta sokoni Darajani au Kongowea, amekaushwa kwa chumvi akisubiri kuungwa kwa nazi, mara nyingi ni wa aina ndogo au ni mtoto wa aina kubwa. Na papa mkubwa kuliko wote, papa potwe, anayepita mita 10, ni mpole kiasi kwamba wageni huogelea naye karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia. Anakula vijidudu vya majini na visamaki kwa kuchuja maji mdomoni. Kwa hiyo ukubwa wa mwili peke yake hausemi lolote kuhusu hatari.

Wanaostahili kuingia kwenye ulinganisho huu ni wawili. Wa kwanza ni papa mweupe mkubwa, anayefika karibu mita 6 na kupita tani mbili, majike wakiwa wakubwa kuliko madume. Huyu anapenda maji ya baridi kiasi: Afrika Kusini, kusini mwa Australia, California. Kwetu huonekana kwa nadra. Wa pili ni papa wa Zambezi, ambaye mabaharia wengine humwita kwa majina mengine, lakini jina hili limemkaa vizuri na baadaye tutaona kwa nini. Ana urefu wa karibu mita 3, mwili mnene, pua butu, na anapatikana pwani nyingi za joto, yetu ikiwemo.

Taya: kilichopimwa na kilichokadiriwa

Nguvu ya kung'ata hupimwa kwa newton. Ukiweka kitu cha kilo 1 kiganjani, kinakigandamiza kiganja kwa karibu newton 10. Ukishika hilo tu, hesabu zote zinazofuata zitaeleweka.

Mwaka 2012 mtafiti Gregory Erickson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, pamoja na wenzake, walichapisha vipimo vya aina 23 za jamii ya mamba. Walifunga kifaa cha kupimia kwenye ncha ya mti mrefu, wakakiingiza kati ya meno ya nyuma ya mnyama aliye hai, wakamwacha ang'ate. Aliyeongoza alikuwa mamba wa maji chumvi mwenye urefu wa mita 4.59. Alibana kwa newton 16,414, sawa na mgandamizo wa uzito wa zaidi ya kilo 1,600 kwenye sehemu ndogo ya taya. Hakuna mnyama mwingine aliyewahi kupimwa moja kwa moja akiwa hai akafikia hapo.

Kwa papa mweupe hali ni tofauti. Mwaka 2008 Stephen Wroe na wenzake walitengeneza mfano wa kompyuta wa kichwa na misuli ya papa, kisha wakakokotoa. Kwa papa mkubwa kabisa, wa mita 6.4 na uzito wa zaidi ya tani tatu, walipata newton 18,216.

Hapo ndipo wabishi hudandia: 18,000 imezidi 16,000, papa kashinda. Lakini angalia kinacholinganishwa. Namba moja ni kipimo na nyingine ni hesabu ya kompyuta. Halafu yule mamba alikuwa na uzito wa karibu nusu tani, na papa wa kwenye hesabu ana zaidi ya tani tatu. Ukiwaweka sawa kwa uzito, mamba anamwacha papa mbali sana. Erickson naye alipokadiria mamba mwenye urefu wa karibu mita 6.7, alipata zaidi ya newton 34,000. Kuhusu papa wa Zambezi, watafiti waliokokotoa taya za mmoja wa karibu mita 2.85 walipata newton zisizofika 6,000, na bado anatajwa kuwa na mng'ato mkali kati ya papa kwa ukubwa wake.

Kwa hiyo kwenye taya jibu ni mamba, bila shaka yoyote. Swali linalofuata ndilo zuri zaidi: kama papa ana taya dhaifu kuliko mamba, mbona anamaliza kazi haraka kuliko yeye?

Sababu ni kwamba mdomo wa mamba ni koleo, na mdomo wa papa ni msumeno. Mamba ana meno zaidi ya 60 yenye umbo la pia, manene, butu kiasi, yaliyochimbiwa kwenye mfupa. Hayakati. Kazi yake ni kushika na kutoachia. Ukimtazama mamba mkubwa kwa nyuma ya taya utaona vivimbe viwili pande zote za shingo vinavyoonekana kama mafuta. Ni misuli, ndiyo inayofunga mdomo, na ukiigusa kwa mnyama aliye hai ni migumu kama mbao. Misuli ya kufungua mdomo ni midogo na dhaifu. Ndiyo maana maofisa wa wanyamapori wakishamfumba hutumia kamba au utepe tu, na mamba anayeweza kuvunja mfupa wa paja la nyati anashindwa kuukata. Kufika hapo pa kumfumba, bila shaka, ni kazi ya watu waliofundishwa.

Kwa vile hawezi kukata wala kutafuna, mamba inabidi ararue. Anashika kipande cha nyama na kujizungusha mwili mzima majini, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kiungo kinachomoka. Watu huamini anazunguka ili kumzamisha mtu. Anazamisha kweli, kwa kuvuta tu kwenda kwenye kina. Kule kuzunguka shabaha yake kubwa ni kuvunja upinzani na kupata tonge la kumezeka.

Papa mweupe hahitaji hayo. Meno yake ya juu ni ya pembetatu, bapa, na ukipitisha ukucha kwenye ukingo wake unakwaruza vijino vidogo vidogo mfululizo. Taya la juu halikushikamana na fuvu, kwa hiyo anapong'ata linachomoza mbele. Akishashika anatikisa kichwa kushoto na kulia, na nyama inakatika. Jino likidondoka, lililo nyuma yake linasogea mbele, na hali hiyo inaendelea maisha yake yote hadi maelfu ya meno. Mifupa hana, mwili wake umejengwa kwa gegedu, ile tunayoisikia ikitafunika masikioni na puani mwa mnyama aliyechomwa.

Pumzi na subira

Hapa ndipo naona ulinganisho unapovutia kuliko kote, na ndipo video za mtandaoni zinapopotosha zaidi.

Nguvu za mamba ni za mshituko. Mwili wake unafuata joto la mazingira, kwa hiyo anatumia nishati kidogo mno akiwa ametulia. Anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa nzima, moyo ukipiga taratibu, na mamba mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Pale Mara, nyumbu wanapovuka, wapo mamba wanaoshiba wakati huo na kupata kidogo sana baada ya hapo mpaka msimu mwingine. Lakini akilipuka, analipuka kwa misuli inayofanya kazi bila kusubiri oksijeni. Dakika chache baadaye damu yake imejaa asidi, na inamchukua saa nyingi kuirudisha sawa. Mamba wakubwa waliwahi kufa baada ya kukamatwa bila jeraha lolote, kwa sababu tu walipambana kupita uwezo wa damu yao. Mnyama huyu akikosa kwa pigo la kwanza, mara nyingi anaachana na windo.

Papa mweupe ni msafiri. Hawezi kusimama, maana anapumua kwa kuogelea: maji yaingie mdomoni, yapite kwenye matamvua, yatoke. Tofauti na samaki wengi, ana mishipa ya damu iliyopangwa kuhifadhi joto la misuli, hivyo mwili wake una joto kuliko bahari inayomzunguka na misuli yake iko tayari muda wote. Kuanzia Novemba 2003, papa jike aliyefungwa kifaa cha satelaiti huko Afrika Kusini, watafiti wakampa jina la Nicole, alivuka Bahari ya Hindi hadi Australia na kurudi ndani ya miezi tisa hivi. Safari nzima ilizidi kilomita 20,000. Chakula cha safari kama hiyo anakibeba ndani ya ini. Ini la papa ni kubwa ajabu na limejaa mafuta, nayo mafuta yanamsaidia asizame, kwa sababu hana kifuko cha hewa kama samaki wengine. Wenye majahazi wa pwani yetu wanayajua mafuta hayo kwa jina la sifa, yaliyokuwa yakipakwa mbao za chombo ili zisioze.

Papa huyu akivizia, anavizia kwa kupanda. Kwenye ghuba ya False Bay, karibu na Cape Town, papa weupe walikuwa wakipanda kutoka chini kwa kasi ya karibu kilomita 40 kwa saa, wakamgonga sili, mnyama wa baharini wanayemwinda, juu ya maji mpaka wote wawili wanaruka hewani. Mamba hawezi kasi hiyo. Papa naye hawezi kulala tuli kando ya gogo kuanzia asubuhi hadi jioni akisubiri mguu mmoja uingie majini.

Katika kuhisi windo, wanakaribiana kuliko tunavyodhani. Vidoti vyeusi unavyoviona kwenye taya za mamba si uchafu. Ni vihisio vya mguso, vinavyonasa mtikisiko mdogo wa maji hata kwenye giza totoro. Papa ana vitundu puani na usoni vinavyonasa umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya kiumbe hai. Na ile hadithi kwamba papa ananusa tone moja la damu kutoka kilomita kadhaa? Ana pua kali kweli, lakini harufu majini husafirishwa na mkondo, na inachukua muda. Tone lisilomfikia hawezi kulinusa, hata awe na pua ya namna gani.

Wanakokutana kweli

Papa mweupe na mamba mkubwa karibu hawana nafasi ya kukutana. Mmoja ni wa bahari wazi yenye ubaridi, mwingine ni wa mito, maziwa, mikoko na fukwe za joto. Pambano linalozungumzwa zaidi mtandaoni ndilo lisilo na ushahidi wowote.

Lakini papa wa Zambezi ni habari nyingine. Papa wengi wakiingia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wako hatarini, kwa sababu damu yao ina chumvi nyingi na urea nyingi, ile taka ambayo sisi huitoa kwa mkojo, na maji baridi yanaingia mwilini kwa fujo. Papa huyu ana uwezo wa kupunguza urea na kutoa maji ya ziada kwa mkojo mwingi mwepesi, akaendelea na maisha. Ameonekana mbali sana kwenye Zambezi. Huko Amerika Kusini amefika Iquitos nchini Peru kwa kupanda mto Amazon, maelfu ya kilomita kutoka baharini. Wanaouliza kama yumo Ziwa Victoria au Tanganyika walale salama: maporomoko na umbali haviruhusu, na hakuna papa kwenye maziwa hayo.

Mamba naye anashuka. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba mamba hana ulimi. Anao, ila umeshikamana na sakafu ya mdomo kiasi kwamba hawezi kuutoa nje. Juu ya ulimi huo kuna vitezi vinavyotoa chumvi iliyozidi mwilini, ndiyo sababu mamba wa Nile anamudu maji ya mlangoni mwa mto. Mamba wa maji chumvi anakwenda mbali zaidi. Huko Australia, mmoja aliyefungwa kifaa cha kufuatiliwa alisafiri karibu kilomita 600 kandokando ya bahari kwa siku 25. Mamba hawa huondoka mkondo ukiwa unaelekea wanakotaka, na ukigeuka wanapumzika ufukweni.

Basi mahali pa kuwakuta wote wawili ni kwenye milango ya mito. Ziwa la Saint Lucia, linalofunguka baharini, kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, ndani ya hifadhi ya iSimangaliso iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1999, lina mamba wa Nile, viboko na papa wa Zambezi kwenye maji yale yale. Mto Adelaide, kaskazini mwa Australia, una mamba wa maji chumvi na papa wa jamii hiyo hiyo. Mwezi Agosti 2014 watalii waliokuwa kwenye boti katika mto huo walimpiga picha mamba maarufu aitwaye Brutus, anayekadiriwa kuwa na mita 5.5 na aliyepungukiwa mguu mmoja wa mbele, akiwa amembana papa mdomoni, anajikokota naye kwenye tope la mikoko. Picha hiyo si ya kutengenezwa.

Ukiuliza nani anashinda hapo, ushahidi unaelekea kwa mamba, na sababu haziko kwenye taya peke yake. Maji ni ya kina kifupi, papa hana pa kugeukia wala pa kupata kasi. Maji ni ya tope, na mamba hahitaji kuona. Mamba anapumua hewa, kwa hiyo akimwinua papa juu ya maji kila sekunde inampendelea yeye. Na papa wanaoingia mitoni wengi ni wachanga, kwa kuwa majike huzalia kwenye maji hayo ili watoto wao wawe mbali na papa wakubwa. Mamba wa mita 5 dhidi ya papa mchanga wa mita moja na nusu: hilo ni windo la kawaida tu.

Mhamishie mamba huyo huyo kilomita 30 nje ya pwani, kwenye kina cha mamia ya mita, na kila kitu kinageuka. Tumbo lake laini liko wazi kwa chini. Pumzi yake ya mapambano ni ya dakika chache. Hana gogo wala ukingo wa kujificha. Papa mweupe wa tani mbili angehitaji kumgonga mara moja tu na kurudi nyuma kusubiri. Hilo ni kisio langu kutokana na miili yao, kwa sababu mpambano huo haujashuhudiwa. Nalitoa kwa kujiamini.

Na hata papa mweupe hajashika taji la bahari. Tangu mwaka 2017, pwani ya Gansbaai nchini Afrika Kusini imekuwa ikipokea mizoga ya papa weupe waliopasuliwa kifuani na kuondolewa ini, lile lile lenye mafuta. Wafanyao hivyo ni nyangumi wauaji, na papa walionusurika waliyahama maji yale kwa muda mrefu.

Upande wetu

Sasa tuje kwa binadamu, maana hapa ndipo ubishi wa taya unapotuficha jambo. Chuo Kikuu cha Florida kinatunza kumbukumbu za papa wanaong'ata watu duniani kote. Mwaka 2023 walihesabu matukio 69 ambayo mtu hakumchokoza papa, na vifo 10. Mwaka 2024 yalikuwa 47, vifo 4. Hiyo ni dunia nzima, mwaka mzima. Mamba wanakadiriwa kuua mamia ya watu kila mwaka Afrika peke yake, na matukio mengi hayafiki kwenye daftari lolote kwa sababu yametokea kijijini, kwa mama aliyekwenda kufua au mtoto aliyetumwa maji. Upande wa pili wa hesabu, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa binadamu huua papa karibu milioni 100 kwa mwaka.

Tofauti inatokana na tabia. Papa mweupe anapomng'ata mtu, mara nyingi anaachia baada ya mara moja. Mtu hayumo kwenye chakula alichozoea, na anayekufa hufa kwa kutoka damu. Mamba mkubwa wa Nile anamhesabu mtu kama swala. Anaona, anajifunza, anarudi. Ukichota maji mahali pale pale, saa ile ile, siku baada ya siku, unampa ratiba.

Imani mbili zinazidisha vifo, nami naziona ni za kukemewa waziwazi. Ya kwanza ni ya mamba wa kutumwa. Mtu akichukuliwa, kijiji kinaanza kumtafuta jirani mwenye uchawi, mara nyingi bibi kizee asiye na mtetezi, na wakati huo mamba mwenyewe yuko pale pale anasubiri mwingine. Mamba hahitaji kutumwa. Ana njaa, na ukingo ule una watu. Ya pili ni ya nyongo ya mamba kuwa sumu ya kuulia. Januari 2015 watu 75 walikufa huko Chitima, mkoani Tete, Msumbiji, baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani, na uvumi ukasema imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuja kuonyesha sumu ya bakteria walioota kwenye unga wa mahindi uliotumika kuipika.

Yako na makosa madogo madogo. Ile nasaha ya kukimbia kwa kona kona ukifukuzwa na mamba haina maana; nchi kavu anachoka haraka, kimbia moja kwa moja kuelekea mbali na maji. Kuwapiga mawe mamba wanaoota jua hakuwafukuzi, kunawarudisha majini usikowaona. Aliyeshikwa anapaswa kushambulia macho mara moja, kabla hajavutwa kwenye kina, kwa sababu akishafika huko nguvu za mikono hazisaidii kitu.

Kinachookoa watu wengi kuliko yote ni kutokuwa na haja ya kuingia majini: kisima, bomba, au ndoo yenye kamba ndefu. Pale ziwa linapobaki kuwa njia pekee, kizimba kinasaidia. Kwenye vijiji kadhaa vya kando ya Ziwa Victoria, wilayani Sengerema, vimejengwa vizimba vya nondo na wavu wa chuma vinavyozungushia sehemu ya kuchotea na kuogea, na mamba anabaki nje. Mahali vinapowekwa panahitaji kupimwa vizuri. Ziwa Victoria lilijaa kupita kiasi mwaka 2020, likajaa tena 2024, na kizimba kilichojengwa kwa kufuata ukingo wa kipindi cha kiangazi hufunikwa ziwa likipanda, mamba akapita juu yake. Ukingo ukihama, kizimba nacho kinyanyuliwe au kirefushwe kabla watu hawajaanza kuchota nje ya wavu.